Tahadhari: Boti Isipande Nyeri na Maji ya Naivasha Tumboni

Kama una boti juu ya trela na unapanga kuivuta hadi kwenye bwawa lolote la upande huu wa mlima, inama kwanza uangalie chini yake. Angalia ekseli ya trela, mbao zenye zulia zinazoibeba boti, rafadha ya injini, kamba ya nanga. Ukikuta hata jani moja bichi limekwama hapo, au tope ambalo halijakauka, boti hiyo isiingie katika maji yetu.

Nasema hivi sasa kwa sababu njia imekuwa fupi. Barabara pana ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, imeondoa kikwazo kilichowafanya wengi waogope kupandisha trela nzito huku. Anayetoka Naivasha alfajiri anaweza kuwa Nyeri kabla ya chakula cha mchana, na kipande cha gugumaji kilichonasa kwenye trela yake kitafika kikiwa hai.

Tuitazame milima ya Nyandarua. Upande wa magharibi, Mto Malewa huteremka hadi Ziwa Naivasha, ziwa ambalo hakuna mto unaotoka ndani yake. Upande wa mashariki, Mto Gura hupita Nyeri, ukaingia Sagana, na Sagana ikawa Tana. Maji ya pande hizi mbili hayakutani popote. Gugumaji la Naivasha haliwezi kuvuka mlima lenyewe. Likionekana Othaya au Karatina, ujue kuna mtu aliyelivusha, na mara nyingi mtu huyo hatakuwa na habari kwamba amelibeba.

Naivasha yenyewe inatufundisha mengi. Gugu la salvinia lilienea pale miaka ya 1960. Mwaka 1970 waliletwa kwa makusudi kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, ili wavuliwe na kuuzwa. Walipozaana, mimea ya chini ya maji na mayungiyungi vilimalizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likafika gugumaji kutoka Amerika Kusini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kilichoondolewa kikaisha.

Wa Kisumu hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1998 gugumaji lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za Ghuba ya Winam, wavuvi wakashindwa kutoka na meli zikashindwa kutia nanga. Na wa Nairobi wanalikumbuka Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, ambapo watu walikuwa wakishindana kwa mashua za tanga. Majitaka yalilirutubisha gugu, gugu likafunika bwawa, michezo ikahama. Mwenye boti ndiye anayepaswa kuogopa kabla ya wengine wote, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukosa mahali pa kuishusha.

Gugumaji linapopata joto na virutubisho huongezeka maradufu kwa takriban wiki mbili. Kipande kidogo chenye mzizi kinatosha kuanzisha kundi jipya. Mbegu zake huzama kwenye tope na zinaweza kukaa humo miaka 20 zikiwa bado na uwezo wa kuota. Ndiyo maana tope la nanga ni hatari kama majani yenyewe, ingawa watu wengi huliona kuwa uchafu tu.

Kisha kuna Mwea. Tangu 2020 wakulima wa mpunga wanapambana na konokono mkubwa mgeni, naye asili yake ni Amerika Kusini, anayekata miche michanga usiku. Hutaga mayai ya rangi ya waridi, mamia kwa fungu moja, akiyabandika juu ya usawa wa maji: kwenye shina, ukuta wa mfereji, ubao, hata plastiki. Maji ya mashambani hurudi Mto Thiba na kuteremka hadi bwawa la Kamburu. Mto hauwezi kumrudisha konokono huyo juu mlimani. Trela inaweza.

Boti za kuvuta watelezaji wa majini zina hatari ya ziada. Nyingi zina matangi ya ndani yanayojazwa maji ili boti iwe nzito na kuacha wimbi kubwa nyuma. Matangi hayo hayakauki kabisa kwa kufungua bomba peke yake. Maji hubaki kwenye mipira na pembeni, pamoja na vyote vilivyonyonywa ziwani. Injini nayo hubaki na maji ya kupoozea. Hata ukiambiwa boti ni mpya kabisa, muulize aliyekuuzia ilijaribiwa katika maji gani kabla hujakabidhiwa.

Kazi ifanyike palepale ulipotokea, si unakokwenda. Ukishaivuta boti nje, ondoka ukingoni, toa kizibo cha chini, mwaga matangi yote, shusha injini imwage maji yake. Ng'oa kila jani kwa mkono. Osha kwa maji yenye kasi, ya moto ukiweza, mahali ambapo maji yatanywewa na udongo. Hapa nisisitize: usiipeleke kwenye sehemu ya kuoshea magari iliyo kando ya mto. Tunazo nyingi katika miji yetu, na maji yake huingia mtoni moja kwa moja.

Kisha ianike, angalau siku tano za jua, ikiwa wazi. Kati ya Juni na Agosti, Nyeri ikiwa na ukungu na manyunyu, siku tano hazitoshi. Boti iliyofunikwa turubai wakati huo hubaki na unyevu kwa wiki kadhaa. Usisahau kamba, jaketi za kuelea na lile puto la kuvutia watoto.

Marekani walichelewa. Kome wageni waitwao kwaga walipogunduliwa Ziwa Mead mwaka 2007, maelfu ya kilomita kutoka maziwa walikokuwa wameenea, ndipo majimbo ya magharibi yalipozidi kusimamisha trela barabarani na kukagua boti. Wenye hoteli na wasimamizi wa mabwawa ya huku wanaweza kuanza leo: boti isishuke majini kabla mtu hajaikagua, na mwenyewe akisema ilikuwa Naivasha juzi, arudishwe bila kuonewa haya.

Ukiona gugumaji au mayai ya waridi mahali ambapo hayakuwepo, usiyatupe mtoni na usichukue ua ukapande kwenye kidimbwi cha nyumbani. Piga picha, weka alama mahali hapo, na umwarifu afisa wa kilimo wa wadi au KEPHIS, shirika la taifa la afya ya mimea, siku hiyohiyo. Mche mmoja hung'olewa kwa mkono. Hekta moja haing'oleki hivyo.