Pango la Shimoni na Sinia la Wasini



Likizo za shule zikikaribia, kila nyumba hujiuliza watoto watapelekwa wapi. Juma hili twapendekeza jamaa kadhaa wakusanyike, wachange nauli, wafunge safari ya siku moja hadi Shimoni, kusini mwa Kaunti ya Kwale. Asubuhi ni ya pango, na mchana ni wa chakula kisiwani Wasini.

Pangoni, wenyeji hueleza jinsi watu waliotekwa bara walivyofungiwa humo wakingoja vyombo vya kuwavusha. Watoto wataonyeshwa vyuma vya ukutani, nao watauliza: ni nani aliyewafunga? Hapo ndipo wengi wetu hunyamaza, na hapo ndipo mzazi hapaswi kunyamaza. Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani yetu hadi 1907. Huo ni umri wa mababu wa bibi zetu.

Wala si wote waliosafirishwa mbali. Wengi walibaki papa hapa. Mashamba ya mtama ya Malindi, yaliyoshamiri katika karne ya 19, yalilimwa kwa mikono yao. Waliotoroka walijijengea makazi yao porini, kama vile Fuladoyo. Kwa hivyo jiko letu nalo lina historia hiyo: nafaka na nazi tunazojivunia zilipandwa na watu ambao majina yao hatuyataji.

Baada ya pango, vukeni kwa mashua hadi Wasini, mswali adhuhuri, kisha muwaombe kina mama wa kisiwani, kwa malipo ya haki, mpike pamoja nao. Watoto wa kike na wa kiume wakae kwenye mbuzi wakune nazi, wachuje tui, watazame samaki wa kupaka akigeuzwa juu ya makaa. Mle katika masinia, wala jamaa mmoja asijitenge na sinia lake.

Huenda mtu akasema haifai kutoka mahali pa machozi na kuketi kula. Sisi twamkumbusha Surat al-Balad. Mwenyezi Mungu ameeleza humo njia nzito ya kupanda, nayo kwanza ni kumwacha huru mtumwa, kisha kumlisha siku ya njaa yatima wa karibu au maskini aliye hohehahe. Kukomboa na kulisha vimetajwa pamoja, kisha vikafuatiwa na kuusiana subira na huruma.

Wengine husema mambo ya kale yasifukuliwe, yataleta fitina. Lakini je, yamezikwa? Bado kijana mwenye dini na tabia njema huja kuposa, akakataliwa kwa mnong'ono kwamba babu yake alikuwa mtumwa. Bado neno hilo hutupwa jikoni watu wakigombana. Na anayelitupa hajui yaliyomo katika nasaba yake, kwani mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru kwa sharia, akarithi, akaozwa. Nyumba nyingi za pwani zina damu ya aliyefunga na ya aliyefungwa.

Basi sinia likiwa katikati, wakubwa wazungumze. Bibi asimulie alichosikia kwa bibi yake, hata kama ni cha aibu. Mtoto aulize asikemewe. Na kabla ya kuondoka, kila mama aazimie jambo moja: tusi hilo lisisikike tena nyumbani mwake, wala posa isirudishwe kwa sababu hiyo. Bilal bin Rabah, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mtumwa, na ndiye aliyechaguliwa kuwaita Waislamu katika sala.

Twamwomba Mola awarehemu waliopita pangoni humo, na azisafishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.