Siku ya Kurudi kwa Askari ni Deni la Serikali

Mwisho wa Julai mwaka 2006, katika mji wa Fairbanks, jimbo la Alaska, mabibi wa askari walikuwa wakihesabu siku. Brigedi ya 172 ya jeshi la Marekani, yenye askari wapatao 4,000, ilikuwa imetimiza karibu mwaka mzima nchini Iraki, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Nyumba zilikuwa zimekwisha pangwa, tiketi za likizo zimekwisha katwa, na watoto wamekwisha ambiwa kwamba baba anarudi. Askari mia kadhaa walikuwa wamekwisha fika nyumbani. Ndipo ilipotoka amri ya Waziri wa Ulinzi, Bwana Donald Rumsfeld, kwamba brigedi ibaki Iraki mpaka miezi minne zaidi, na ihamie Baghdad, mahali palipokuwa na umwagaji mkubwa wa damu wakati huo. Wale waliokwisha kumbatia watoto wao, wapatao 300, wakaamriwa kufunga tena mizigo na kurudi vitani.

Sisi hatuna desturi ya kuingia katika nyumba za watu na kusimulia mambo yao. Lakini jambo hili si la nyumba moja, na tena si la Marekani peke yake. Twalileta mbele ya wanachama na wapenzi wa chama kwa sababu lina fundisho ambalo kila taifa lenye jeshi hapana budi lijifunze, nalo ni hili: siku ya kurudi kwa askari si zawadi ambayo serikali humpa ikipenda. Ni deni, na wenye kulidai ni wengi kuliko askari mwenyewe.

Msomaji atauliza, Alaska yatuhusu nini sisi? Swali ni la haki, nasi tutalijibu kabla hatujamaliza. Kwanza na tutazame jinsi watu wa kambi ile wanavyoishi.

Alaska ni nchi iliyo mbali sana kaskazini. Marekani iliinunua kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, bila ya wenyeji wake kuulizwa, na mwaka 1959 ikafanywa jimbo. Karibu na mji wa Fairbanks iko kambi kubwa iitwayo Fort Wainwright. Ilianza kama uwanja wa ndege za kivita kabla Marekani haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, ikakabidhiwa jeshi la nchi kavu mwaka 1961. Hapo ndipo ilipokaa brigedi ile, pamoja na mabibi, mabwana na watoto wa askari wake.

Mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza karibu saa tano ya asubuhi, na kabla ya saa tisa ya mchana limekwisha tua. Baridi huweza kushuka mpaka digrii 40 chini ya sifuri. Usiku gari huungwa kwa waya wa umeme ili injini isigande, na asiyefanya hivyo asubuhi haendi kazini. Mashine ya kupasha nyumba joto ikiharibika, mabomba ya maji huganda na kupasuka kwa muda mfupi. Na ukifika Juni mambo hugeuka: jua halitaki kuondoka, nao watoto hulazwa kwa kuziba madirisha kwa mapazia mazito.

Basi fikirini, ndugu zetu, mama aliyebaki peke yake katika nchi ya namna hiyo. Si mzaliwa wa pale. Jeshi limemleta, na baada ya miaka mitatu hivi huenda likamhamisha tena. Mama mzazi, shangazi na dada zake wako umbali wa maelfu ya maili. Theluji ni yeye, gari ni yeye, mtoto mwenye homa usiku wa manane ni yeye. Akitaka kusema na mumewe kwa simu, Iraki na Alaska zimepishana karibu saa kumi na mbili: huyu anaamka, yule analala. Kazi ya mshahara nayo ni shida kuipata, kwa kuwa mwajiri hapendi kumwajiri mtu ambaye kesho atahamishwa. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kati ya wake na waume wa askari waliotaka kazi, 21 kwa mia hawakuwa nayo.

Watu wengine hudhani kuwa shida huisha siku askari anaporudi. La, hapo inabadili sura tu. Mtoto aliyeachwa akitambaa sasa anakimbia, na anapomwona yule mwanamume mwenye viatu vikubwa hujificha nyuma ya mama yake. Mama naye kwa mwaka mzima amekuwa ndiye mwamuzi wa kila kitu: fedha, shule, adhabu ya watoto, mafuta ya gari. Bwana anaporudi anataka kushika usukani wake wa zamani, akaona usukani una mwenyewe. Hapana mwenye kosa. Lakini ni lazima wafahamiane upya, na jambo hilo halifanyiki kwa wiki mbili za likizo. Lataka miezi ya kula pamoja, kunyamaza pamoja, kugombana na kupatana.

Na miezi hiyo, je, wanaipata? Hapa ndipo penye ujanja wa hesabu. Jeshi la Marekani lilikuwa limejiwekea shabaha kwamba askari akitumikia mwaka mmoja nje, akae nyumbani miaka miwili. Katika miaka mibaya ya vita vya Iraki na Afghanistan, wengi walipata mwaka mmoja tu. Na hata huo mwaka mmoja haukuwa wa nyumbani kweli. Askari anaporudi hupumzika kidogo, kisha vijana wapya wanaletwa, silaha na magari ya deraya yanatengenezwa, na mazoezi yanaanza: majuma katika misitu na theluji ya viwanja vya mazoezi, na majuma mengine katika majimbo ya mbali ya kusini. Katika vitabu vya jeshi mtu huyo anahesabiwa kuwa yuko nyumbani. Muulizeni mkewe.

Brigedi ile ile, iliyobadilishwa jina baada ya kurudi mwishoni mwa mwaka 2006, ilikwenda tena Iraki mwaka 2008 ikarudi 2009, kisha ikaenda Afghanistan mwaka 2011 ikarudi 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2005 wa askari aliyebaki katika brigedi hiyo muda wote alitimiza miaka saba, na karibu nusu ya maisha yake baba alikuwa vitani. Miaka ile hairudishwi na mshahara wo wote.

Twarudi kwenye amri ya mwaka 2006. Katika Agosti Waziri Rumsfeld alisafiri mwenyewe mpaka Fort Wainwright kuonana na mabibi na jamaa za askari. Kwa hilo twampa haki yake, maana si kila mkubwa huthubutu kusimama mbele ya watu aliowavunjia ahadi. Lakini amri haikufutwa. Askari waliongezewa malipo ya dola 1,000 kwa kila mwezi wa nyongeza. Fedha hizo si kitu cha kudharau katika nyumba yenye watoto, lakini baadhi ya askari wa brigedi ile walifariki katika miezi hiyo ya nyongeza, baada ya siku ambayo walikuwa wameahidiwa kuwa nyumbani. Ni nani awezaye kumweleza mjane wa mtu kama huyo hesabu ya dola 1,000?

Mwaka uliofuata, Aprili 2007, Waziri mwingine, Bwana Robert Gates, alitangaza kuwa zamu za jeshi la nchi kavu katika Iraki na Afghanistan zitakuwa miezi 15 badala ya 12. Alisema afadhali kusema wazi mapema kuliko kuwashtua watu dakika za mwisho. Katika mwaka 2008 zamu zikarudishwa kuwa miezi 12 kwa waliotumwa tangu Agosti ya mwaka huo. Tazameni basi: urefu wa zamu haukuwa amri ya mbingu. Ni wakubwa waliourefusha, na wakubwa hao hao wakaufupisha, baada ya kuona kuwa nyumba za askari zinavunjika na jeshi lenyewe linachoka.

Wako watakaotujibu: askari ameapa. Vita haina saa, na adui hangoji likizo ya mtu. Sisi twakubali kwamba askari ameapa, na kwamba taifa likivamiwa hapana wa kuuliza tarehe. Lakini mke hakula kiapo, wala mtoto hakula kiapo. Na mara nyingi zamu hurefushwa si kwa sababu adui yuko mlangoni, bali kwa sababu wakubwa walikisia vibaya: walisema vita itakwisha upesi, haikwisha, walisema askari hawa watatosha, hawakutosha. Kosa la hesabu hufanywa ofisini, na bili hupelekwa nyumbani kwa askari. Hilo ndilo twalipinga.

Wala tusidhani kuwa vita ikipungua mambo yote huwa mema. Mwaka 2021, wakati zamu za kwenda vitani zilikuwa zimepungua sana, ilitangazwa kuwa askari wapatao 17 waliokuwa Alaska walijiua au walidhaniwa kuwa wamejiua. Hatusemi kuwa sababu ilikuwa moja. Giza la majira ya baridi, upweke, gharama za maisha, kungoja muda mrefu kuonana na mshauri, yote yalitajwa. Mwaka 2022 wakuu waliongeza washauri na makasisi. Ni jambo jema, lakini lilikuja baada ya makaburi. Askari anayepelekwa mbali na jamaa zake anahitaji kutunzwa hata siku ambazo risasi hazilii, na anayeishi naye ahitaji vile vile.

Sasa tujibu lile swali la Alaska yatuhusu nini.

Yatuhusu kwa kuwa sisi nasi tumekuwa na mabibi wa kungoja. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Afrika Mashariki wa King's African Rifles walipelekwa mpaka Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ilipigana katika bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Mama zao na wake zao walibaki vijijini wakilima peke yao, bila kujua vita ni ya nani wala itakwisha lini. Wakati ule hapakuwa na Bunge letu la kuuliza. Mtawala alichukua mtu alipotaka, akamrudisha alipotaka.

Leo Bunge tunalo, na jeshi ni letu. Vijana wetu walimwondoa mvamizi katika Kagera mwaka 1978 na 1979, na wengine wakabaki Uganda mpaka mwaka 1981. Tangu mwaka 2013 askari wetu wametumika katika kulinda amani mashariki ya Kongo, na tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki waliuawa si chini ya 14. Kila mmoja wao alikuwa na mlango ambao mtu aliusikilizia usiku. Twajivuna kwao, na ni haki yetu kujivuna. Lakini kujivuna hakulishi mtoto, wala hakumfundishi kumjua baba yake.

Kwa hiyo twasema mambo manne. La kwanza, taifa linapotuma askari nje, wawakilishi wa wananchi waelezwe wanakwenda kufanya nini na watarudi lini. La pili, zamu ikirefushwa, jamaa za askari waambiwe na jeshi lenyewe, mapema na kwa heshima, wasisikie katika redio wala kwa majirani; na waelezwe sababu. La tatu, siku za mazoezi ya porini zisiandikwe kuwa ni siku za nyumbani. Anayehesabu mapumziko na ahesabu yale ambayo askari amelala chini ya paa moja na watoto wake. La nne, sisi wanachama tusiiachie serikali kila kitu. Katika mtaa au kijiji chenye nyumba ya askari aliye safarini, je, tunajua mkewe anaitwa nani? Tumewahi kumpelekea kuni, au kumsaidia kuezeka, au kumpeleka mtoto wake zahanati? Kule Fairbanks mabibi wa askari wenyewe hujiunga katika vikundi, huyu akimwangalilia mwenzake mtoto, yule akimwashia mwenzake gari asubuhi ya baridi. Hawakungoja kuamriwa. Nasi, ambao ujirani ni mila yetu, tusishindwe na watu wanaoishi katika barafu.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Serikali hudai kodi yake kwa siku na tarehe, na mwananchi akichelewa hutozwa faini. Basi na iweke tarehe ya kumrudisha mtoto wa mwananchi, na ikichelewa, isimame mbele ya mama yake iseme kwa nini.