SHULE YA NYUMBANI SI DAWA YA KARO

Ndugu wafanya kazi,

Siku hizi kuna maneno yanayopita katika nyumba zetu: ati karo ikikushinda, mtoe mtoto shuleni umfundishe mwenyewe nyumbani, kama wafanyavyo matajiri. Tuyapime maneno haya kabla ya kuyafuata.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanayachanganya. Mtoto aendaye shule mchana, na jioni akalipiwa mwalimu wa kumwongezea hesabu, huyo ni mwanafunzi wa shule; hayo ni masomo ya ziada tu. Mwezi wa Machi 2020, serikali ilipofunga shule kwa ajili ya Korona, watoto walisikiliza masomo katika redio. Hiyo nayo haikuwa shule ya nyumbani, maana majina yao yalibaki katika daftari la shule. Asomaye kwa posta naye ana walimu wanaosahihisha kazi yake. Shule ya nyumbani hasa ni hii: mzazi mwenyewe achague masomo, anunue vitabu, afundishe, apime, na lawama yote iwe yake.

Sasa nauliza, nani kati yetu ataiweza kazi hiyo? Mtu wa zamu ya usiku, arudiye asubuhi macho mekundu? Au mama aliye sokoni tangu alfajiri? Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane. Barua nasoma na ripoti naandika, lakini kemia siwezi kumfundisha mtoto. Tajiri hana shida hiyo, yeye humwajiri mwalimu. Mwenye nafasi na elimu akichagua njia hiyo, simlaumu. Lakini asituambie kwamba ni njia ya maskini.

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamwamuru mzazi ampeleke mtoto shuleni. Kama ni bure, mbona tunatozwa pesa za hiki na kile? Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Ukimtoa mtoto kimya kimya, anayekutoza hasikii lolote, na wewe umeiacha haki yako mlangoni pake.

Basi, ndugu, watoto wabaki darasani. Leteni risiti zote za malipo hayo kwa mwakilishi wa tawi kabla ya mkutano ujao, tuzihesabu pamoja, tudai kwa sauti moja.