Kifuu cha Nazi na Kichura wa Msituni



Kila masika yaingiapo, chura huanza kuonekana katika vichochoro vya Mji wa Kale, kuanzia Kuze hadi Kibokoni, na katika nyumba nyingi mtoto huagizwa chumvi. Chumvi hiyo humwagiwa chura mgongoni mpaka akajikunyata. Mama zetu kadha wametuuliza kama jambo hili lina ubaya. Tumeona tuwajibu hapa, kisha tuwachukue mpaka msituni, kwani katika mwambao huu yuko chura mwengine ambaye wengi wetu hatujamtia machoni.

Ubaya upo. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Nasai kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume wetu (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumwua. Maulamaa wa madhehebu ya Shafi wametoa humo hukumu ya kutomla pia. Na chumvi ni mateso juu ya kuua. Chura hanywi kwa kinywa. Maji ya mwili wake huyapokea kwa ngozi, na chumvi huyavuta yakatoka kwa ngozi iyo hiyo. Atakaye kumwondoa uani amsukume kwa ufagio mpaka ndani ya ndoo, akamtoe nje, kisha anawe mikono, kwa kuwa matezi yaliyo nyuma ya macho yake yana utomvu wenye sumu.

Huyo ni chura wa mitaroni, mkubwa, aliyezoea watu. Yule wa msituni hatimizi hata sentimita 3, na rangi yake ni ya jani lililokauka, hata aweza kukaa mbele ya mguu wako usimwone. Wataalamu humwita Mertensophryne micranotis, jina la pili alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1925. Kwetu Kenya anapatikana katika misitu ya Shimba Hills kule Kwale, na katika Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Kutoka hapo makao yake yanateremka kusini kwa misitu ya mashariki ya Tanzania, na yumo pia Unguja na katika kisiwa cha Songo Songo.

Msomaji atauliza: mnyama mdogo kiasi hicho, ambaye maji ya bahari ni sumu kwake, alifikaje Unguja? Jibu ni kwamba hakuhitaji kuvuka. Zama za kale, bahari ilipokuwa chini kuliko ilivyo leo, Unguja ilikuwa imeungana na bara. Maji yalipopanda, msitu ulikatika vipande viwili na chura akabaki pande zote mbili.

Ajabu yake kubwa ni mahali anapozalia. Haendi ziwani wala kwenye dimbwi. Hutafuta maji kidogo yaliyotuama kivulini: katika tundu la mti, katika gome la konokono aliyekufa, au katika kifuu cha nazi kilichotupwa. Maji yasiyojaa kikombe cha kahawa humtosha kulea viluwiluwi vyake. Kwa hiyo bonde lenye mto si lazima limfae, bali msitu wenye kivuli, majani makavu chini na miti mizee yenye matundu. Ukikatwa msitu huo, mvua itaendelea kunyesha, lakini jua litaukausha ule ujazo wa kikombe kabla viluwiluwi havijaota miguu.

Yaliyompata ndugu yake wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa huko Tanzania, yanatuonyesha jinsi kamba hiyo ilivyo nyembamba. Chura yule wa manjano alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996 tu, na makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Ukungu unaoua chura ukazuka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani mapema, na kizazi chao kilianza kurudishwa bondeni mwaka 2012, chini ya manyunyu ya mabomba. Wa kwetu hajafika huko, kwa kuwa amesambaa katika misitu mingi.

Sasa turudi kwenye kifuu, kwa sababu hapa pana jambo la kupima. Kifuu kile kile kilicho kitanda cha mtoto wa chura Kwale, hapa mjini ni kitanda cha mbu Aedes. Mombasa imeonja homa ya dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, na waliougua wanajua viungo vilivyowauma. Mbu huyu huuma mchana, na mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadha yakingoja mvua. Wala tusimtegemee kichura aje kutusaidia: makao yake ni msituni, si katika nyua zetu. Basi mjini vifuu vifudikizwe au vichomwe, makopo yaondolewe, na mitungi ifunikwe na kusuguliwa kila wiki. Wenye birika wanaweza kufuata desturi ya Lamu ya kutia visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu.

Likizo ya Aprili huangukia mvua, na familia nyingi huvuka Likoni kwenda Kwale. Watoto wakikuta kifuu au gome la konokono lenye maji chini ya miti, wachungulie bila kumwaga, na watazame kama viluwiluwi vilivyomo vina kitu mfano wa taji kichwani. Vya kichura huyu vinalo. Vya mbu havina.