Somo la Jioni Lisiwe la Wenye Fedha Tu

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika Visiwa hivi itatolewa bila ya malipo. Tokea siku hiyo mtoto wa mkulima wa Micheweni na mtoto wa karani wa mjini wana haki ya kuingia darasani kwa mlango mmoja. Hatuna haja ya kueleza hapa thamani ya uamuzi ule. Wengi wa wasomaji wetu, wakiwemo maofisa wanaoendesha wizara zetu leo, ni matunda yake.

Lakini skuli ina saa zake, na kengele ya mwisho ikishalia somo halijamalizika. Mwalimu ameandika ubaoni kazi ya kufanywa nyumbani, na mtoto ameinakili katika daftari lake. Zamani msaada wake ulikuwa ni kaka aliyemtangulia madarasa mawili, au jirani aliyefika darasa la nane, na wote wawili walimsaidia kwa mwangaza wa kibatari bila ya kumdai senti. Siku hizi msaada huo unatafutwa katika simu ya mkononi. Hapo ndipo ule mlango mmoja unapogawika kuwa miwili, na jambo hili halijazungumzwa vya kutosha katika mabaraza yetu.

Tuseme wazi kwamba hatuzipingi tovuti za elimu. Ziko zilizofanya kazi kubwa ya kheri. Mwaka 2004 Mmarekani mmoja, Salman Khan, alianza kumsomesha hisabati binamu yake aliyekuwa mji wa mbali. Mwaka 2006 akaanza kuyatia masomo yake katika filamu fupi, na mwaka 2008 kazi hiyo ikawa taasisi, Khan Academy, ambayo haimtozi ada mwanafunzi. Karibu na sisi, Dar es Salaam, Shule Direct ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zikaanza kuwafundisha watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba ya mtandaoni. Mzazi anayemfungulia mwanawe masomo ya namna hii anamtendea wema.

Iko aina ya pili, nayo yataka tahadhari. Brainly, iliyoanza Poland mwaka 2009, ni mahali ambapo mwanafunzi huuliza swali akajibiwa na wengine. Photomath, iliyotoka Croatia mwaka 2014, hupigishwa picha ya hesabu ikatoa jawabu. Na tokea Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, mtoto anaweza kuagiza insha nzima ikaandikwa mbele ya macho yake. Kwa haki tuseme kwamba Photomath huonyesha pia hatua za kufikia jawabu, kwa yule mwenye subira ya kuzisoma. Lakini mtoto aliyechoka, na daftari linakusanywa asubuhi, subira hiyo ataipata wapi?

Wako wanaosema dawa ni kuwapiga watoto marufuku wasishike simu. Sisi hatuioni dawa hapo. Wengi wetu tumesoma chuoni kabla ya kuandikishwa skuli, na tunakumbuka kwamba mwanafunzi hakupandishwa juzuu kwa kuonyesha alichokiandika. Alikaa mbele ya mwalimu akasoma kwa ulimi wake, na palipokuwa na kosa akarejeshwa. Mwalimu wa skuli anaweza kufanya vivyo hivyo. Amwite mtoto ubaoni, amwambie aieleze hesabu aliyoileta. Aliyenakili atajulikana kabla chaki haijakatika. Tunajua madarasa yetu yana watoto wengi na mwalimu hawezi kumwita kila mmoja kila siku, lakini hata watano kwa siku wanatosha kuwafanya waliobaki wajitayarishe.

Hilo la kunakili, kwa hiyo, lina njia yake. Lililo zito zaidi ni la fedha. Filamu ya dakika kumi inayoeleza sehemu na desimali haina ada, lakini kuifungua kunakula kifurushi cha intaneti, na kifurushi hununuliwa. Tena simu yenyewe ni ya baba, na baba yuko baharini au shamba mpaka usiku. Akirudi, simu moja inangojewa na watoto wanne wa madarasa manne. Mtoto wa Kojani, wa Tumbatu au wa Makoongwe anaweza kuwa na akili sawasawa na mwenzake wa Mbweni, akasomeshwa na mwalimu mwenye cheti kile kile, na bado akaachwa nyuma kila siku baada ya magharibi. Tulionyeshwa jambo hili mwaka 2020, skuli zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, na masomo yakahamia katika redio, televisheni na mitandao. Aliyekuwa na chombo aliendelea. Asiyekuwa nacho alingoja.

Kuna na tatizo la mtaala, ambalo wenzetu wa Bara pengine hawalioni. Elimu ya msingi si jambo la Muungano. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka miaka sita ya msingi, na ikaagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wakati ambapo Bara msingi ulikuwa miaka saba na lugha yake Kiswahili. Mtoto aliyelelewa chini ya sera ile akifungua kitabu cha Bara hukuta somo lile lile kwa lugha nyengine na mpangilio mwengine. Akikimbilia tovuti za Marekani hukuta hesabu za dola, futi na ratili. Mama yake, aliyejifunza kwa Kiswahili, anaijua hesabu lakini hawezi kuieleza kwa maneno yaliyomo katika daftari. Kazi ya kuchagua masomo yanayofaa na kuyapanga kwa kufuata mtaala wetu haiwezi kuachiwa mtoto wa miaka kumi na moja. Hiyo ni kazi ya Taasisi ya Elimu Zanzibar, na kwa upande wa istilahi, BAKIZA.

Visiwa hivi vina uzoefu ambao tunashangaa kuona haukumbukwi. Mwaka 2006 ulianza mradi wa redio kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya chini, na vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Redio ile haikuachwa iseme peke yake. Palikuwa na mtu mzima aliyekaa na watoto, redio ikauliza, watoto wakajibu kwa pamoja, wakaimba na kuhesabu. Bara nako, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walisikiliza redio katika vikundi vyenye kiongozi na kitabu. Chombo kilikuwa kimoja kwa watu wengi, na kando yake palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Mpango huo unawezekana leo kwa gharama isiyotisha. Tokea mwaka 2017 ipo programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo huhifadhiwa katika kompyuta moja ndani ya chumba, na wanafunzi huyafungua kwa vyombo vyengine vilivyomo humo humo, bila ya kifurushi hata kimoja. Vituo vya walimu tunavyo, Unguja na Pemba, na pa kuanzia ni hapo. Kwa wale wanaotumia simu majumbani, Serikali izungumze na makampuni ya simu. Afrika ya Kusini mwaka 2020 iliyataka makampuni yake yasitoze matumizi ya tovuti za elimu na za afya, na hatujasikia kwamba yalifilisika kwa sababu hiyo.

Panahitajika pia saa, na hapa mipango mingi mizuri huvunjika. Anayesoma mkondo wa asubuhi huenda chuoni alasiri. Baada ya magharibi wazazi hawataki watoto, khasa wa kike, watembee gizani, nasi hatuwalaumu. Lakini vyuo vingi hupumzika Alkhamisi alasiri na Ijumaa. Masheha wakikaa na walimu wa vyuo na kamati za skuli, Alkhamisi moja kwa wiki itapatikana, na vijana waliomaliza kidato cha sita ambao bado hawajapata kazi wanaweza kuombwa wakae na watoto, wapewe posho ya kujikimu.

Mengi katika haya yatangoja bajeti, nayo hupitishwa na Baraza la Wawakilishi kwa wakati wake. Liko moja lisilongoja. Tumetembelea skuli ambazo hatutazitaja, zenye vyumba vya kompyuta zilizopatikana kwa jasho la wananchi na misaada ya marafiki, na tumevikuta vimefungwa kufuli saa nane mchana, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu mmoja anayeishi mji mwengine. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iandike waraka kwamba kila chumba cha namna hiyo kiwe na ufunguo wa pili, uwekwe na kamati ya skuli, pamoja na daftari la kutia saini anayefungua na anayefunga. Waraka huo ni wa ukurasa mmoja, na unaweza kutoka kabla ya Alkhamisi ijayo.