Walikosa Hewa au Walilishwa Sumu?

Kila mwaka ifikapo miezi ya Juni na Julai, baridi hutanda Limuru, Kinangop na Molo, na hata mitaa ya Nairobi haisazwi. Ndicho kipindi ambacho jiko la makaa hutolewa jikoni likawa mgeni wa chumba cha kulala. Kisha husikika habari zile zile: jamaa wa nyumba moja wamekutwa wamefariki, mlango umefungwa kwa ndani, nyufa zimezibwa kwa matambara, jiko li sakafuni. Aghalabu taarifa huhitimishwa kwa kusema kwamba marehemu walikosa hewa.

Kauli hiyo inapotosha. Anayeisikia hudhani kwamba yeye angebanwa na pumzi, ashtuke, afungue dirisha. Waama hakuna kushtuka, kwa kuwa kinachoua ni sumu. Makaa yakiungua bila oksijeni ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikishaingia mapafuni, gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka ilhali haibebi kile ambacho moyo na ubongo vinahitaji. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu ikamlegea. Hudhani ni malaria au uchovu wa kutwa, akajilaza. Aliyekwisha kulala hata dalili hizo hazijui.

Lugha ina lawama yake hapa. Neno ambalo watu wanalo kuhusu hatari ya moto ni moshi. Ndiyo sababu akina mama wengi huwasha jiko uani, wakangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo waliingize ndani kwa imani kwamba hatari imebaki nje. Hiyo ni busara ya mtu aliyefunzwa kuogopa moshi peke yake. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa sumu. Jiko lililositiriwa kwa udongo, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika bali haliondoi gesi hiyo. Beseni la maji kando ya jiko nalo halifui dafu. Neno hewa ukaa halisaidii pia, maana limekwisha kuzoeleka kwa gesi nyingine, ile ya mjadala wa tabianchi.

Kwa nini basi watangazaji wasiseme wazi kwamba watu hao waliuawa na sumu ya makaa? Wapo watakaopinga kwamba jina hilo ni finyu, kwani jenereta iliyowashwa ndani, au gari linalonguruma katika gereji iliyofungwa, hutoa sumu iyo hiyo. Ni kweli. Lakini jina finyu linaloeleweka Kinangop ni bora kuliko istilahi pana inayoishia maabarani.

Wala isidhaniwe kwamba huu ni ujinga wa maskini. Mwandishi Émile Zola alifariki Paris mwezi wa Septemba mwaka wa 1902 kwa gesi hiyo, chumbani mwake, mkewe akiponea chupuchupu. Hata hivyo, mwenye chumba kimoja cha mabati ana dhiki yake. Kumwambia afungue dirisha usiku wa Julai, watoto wakitetemeka, ni kumtaka achague kati ya maovu mawili, na mashauri mengi hutolewa na watu wasiowahi kulala humo. Pengine linalowezekana ni hili: watu waote moto mlango ukiwa wazi, na jiko litolewe nje kabla ya yeyote kulala, hata likionekana limezimika, maana makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanaungua. Na zaidi ya mmoja wakilalamikia kichwa kwa wakati mmoja, wote watoke nje kwanza, kisha wakimbilie hospitali wakapewe oksijeni.