Paa Limeokolewa, Watu Je?



Kila serikali inapotoa fedha za kuokoa kazi iliyoanguka, twasikia shangwe kwanza na hesabu baadaye. Sisi twataka hesabu kwanza. Na leo twasema juu ya kazi ambayo baadhi yenu hudhani ni mchezo tu: kazi ya wanamuziki, waigizaji, mafundi wa taa, washona mavazi na wauza tikiti mlangoni.

Tazameni Uingereza. Machi 2020, kwa ajili ya korona, nyumba za michezo zilifunga milango. Tarehe 5 Julai serikali yao ikatangaza pauni bilioni 1.57 za kuokoa nyumba hizo, kumbi za muziki na makumbusho. Fedha nyingi! Lakini mafungu mengi ya kwanza yalitoka Oktoba. Hiyo ni miezi saba. Nani kati yetu aweza kumwambia mwenye nyumba angoje kodi miezi saba?

Southampton ni mji wa bandari, kama Mombasa. Shirika la Nuffield, lisilotafuta faida, liliendesha michezo huko. Mei likaingia mikononi mwa wafilisi; Julai, mwezi ule ule wa shangwe, likafungwa kabisa. Plymouth, bandari nyingine, Theatre Royal ilitangaza kwamba kazi zaidi ya 100 zi hatarini. Baadaye ikapata fungu lake, ikasimama. Twafurahi imesimama. Lakini fungu likija baada ya barua ya kuachishwa, barua haifutwi.

Na barua zilikuja hivi. Serikali ilikuwa ikilipa asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyewekwa nyumbani, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Kuanzia Agosti matajiri walitakiwa kuchangia kidogo. Wengi walipoona mchango huo unakaribia, wakashika kalamu.

Vibarua waliumia zaidi. Mtu wa kujitegemea alipata msaada mwingine, lakini ilimpasa awe amepata nusu au zaidi ya mapato yake kwa kazi hiyo ya kujitegemea. Mpiga zeze anayefundisha shule mchana na kupiga usiku, nusu yake haikutimia! Tarehe 6 Oktoba 2020 wanamuziki wapatao 400 walikusanyika mbele ya Bunge, London, wakapiga sehemu ya tano tu ya wimbo mmoja, wakanyamaza. Walionyesha kwamba msaada kwa mtu wa kujitegemea ulikuwa unashuka hadi asilimia 20. Huo ndio mgomo wa watu wasio na kazi ya kugomea.

Mabwana watasema: mashirika haya hayana faida, basi hayana tajiri. Si kweli. Kukosa faida si kukosa bwana. Yako mashirika ya hisani yenye meneja mkali kuliko msimamizi wa shamba la mkonge, na hayo hupenda kumwambia mfanyakazi avumilie kwa kuwa kazi yake ni ya upendo. Upendo haununui unga.

Hata hapa kwetu, Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shilingi milioni 100 za Mfuko wa Michezo ziwafikie wanamuziki, waigizaji na wasanii. Jina la mwimbaji lajulikana. Yule anayebeba spika na kuzungusha nyaya, nani amwandike?

Basi twadai hivi. Fedha yo yote ya kufufua sanaa, iwe ya Nairobi au ya kaunti, isitolewe kwa shirika lo lote mpaka liandike kwamba mishahara italipwa kwanza, mapaa na mapazia baadaye, na kwamba hakuna atakayeachishwa fungu hilo likitumika. Vibarua wahesabiwe. Chama kionyeshwe daftari.

Matawi yenye wanachama katika kumbi, bendi na nyumba za michezo yaandike orodha ya majina na kazi zao, mafundi na wafagiaji pamoja, wailete kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Fungu lingine likitangazwa, tusikutwe tunatafuta kalamu.